Astigmatizimu na Darubini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetazama nyota kwa darubini na kuziona zina pembe, mikia au mabawa, akajiuliza kasoro iko wapi. Humu, "lenzi ya kutazamia" ni ile ndogo inayobadilishwa, unayosogezea jicho. "Lenzi kuu" au "kioo kikuu" ni kile kikubwa kinachokusanya mwanga. Mengine yataelezwa yakifika.

Nyota zangu si vitone. Nimlaumu nani, darubini au macho?

Usimlaumu yeyote kabla ya kufanya jaribio hili, ambalo halihitaji kifaa chochote. Tafuta nyota yenye mwanga wa wastani, iweke katikati kabisa ya uwanja wa kutazamia, kisha ifokasi kadiri uwezavyo. Sasa inamisha kichwa pole pole upande wa bega, jicho likiwa bado kwenye lenzi. Ule mkia wa nyota ukizunguka pamoja na kichwa chako, tatizo umekuja nalo wewe mwenyewe: ni jicho.

Mkia usipozunguka, tuliza kichwa na uzungushe lenzi ya kutazamia ndani ya mrija wake. Umbo likifuata lenzi, basi lenzi ndiyo yenye kasoro. Na ikiwa halifuati kichwa wala lenzi, kasoro iko mbele zaidi: kwenye kioo kikuu, kwenye kioo kidogo cha pili, au kwenye kile kioo cha kupindisha mwanga kinachowekwa kabla ya lenzi ya kutazamia.

Kuna jambo moja huwachanganya wenye darubini za Newton, zile zinazokusanya mwanga kwa kioo badala ya lenzi. Miali minne myembamba, iliyonyooka, inayotoka kwenye nyota angavu kwa umbo la msalaba, husababishwa na vyuma vinavyoshikilia kioo cha pili. Miali hiyo hukaa palepale ilipo hata ukigeuza kichwa, na si astigmatizimu wala si ubovu.

Astigmatizimu ya jicho ni nini hasa?

Konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ingepaswa kuwa na mviringo uleule kila upande. Ya watu wengi haiko hivyo. Imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, mithili ya mgongo wa kijiko. Mwanga unaopita kwenye mpindo mkali hukutana mapema, na ule wa mpindo mpole hukutana baadaye kidogo. Kwa hiyo nukta moja ya mwanga haipati mahali pamoja pa kukutania. Wakati mwingine chanzo si konea bali lenzi iliyo ndani ya jicho.

Thomas Young wa Uingereza aliieleza kasoro hii mwaka 1801 baada ya kuigundua katika jicho lake mwenyewe. Alitumbukiza konea yake katika maji ili kuiondolea nguvu ya kupinda mwanga, akaona kasoro bado ipo, ndipo akajua kwamba kwake yeye ilitoka kwenye lenzi ya ndani. Lakini aliyeipatia dawa alikuwa mwanaastronomia. George Biddell Airy, ambaye jicho lake la kushoto halikuwa likimfaa kitu, alipima namna nukta ya mwanga ilivyogeuka mstari kadiri alivyoisogeza karibu au mbali, akaagiza lenzi yenye uso wa silinda. Hiyo ilikuwa mwaka 1825. Miaka kumi baadaye akawa mkuu wa wanaastronomia wa kifalme wa Uingereza, na jina lake tutalikuta tena chini.

Kama ni macho tu, mbona gurudumu la kufokasi halinisaidii?

Kwa sababu gurudumu hilo hufanya kazi moja tu: husogeza picha yote mbele au nyuma. Hiyo inamtosha mtu asiyeona mbali, na yule asiyeona karibu. Wote wawili wanaweza kuvua miwani, wakageuza gurudumu kidogo, na wakaona sawasawa na mwenye macho mazima.

Mwenye astigmatizimu ana fokasi mbili zilizoachana. Akigeuza gurudumu, nyota huwa mstari mfupi, tuseme wa wima. Akiendelea kugeuza, mstari unafupika, unakuwa kidoa cha mviringo au msalaba mdogo, kisha unarefuka tena, safari hii ukiwa umelala. Hapo katikati, kwenye kile kidoa, ndipo mahali pazuri kuliko pote, na pazuri hapo si pazuri kweli. Ukiona nyota yako inageuka hivyo kwa pembe mraba pande mbili za fokasi, huhitaji ushahidi mwingine kwamba ni astigmatizimu. Kuzungusha kichwa ndiko kutakuambia ni ya jicho au ya kioo.

Inakuwaje Mshtarii inaonekana safi kabisa, halafu Kilimia kinavurugika?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko mengine yote hapa, na jibu lake ndilo litakalokuokolea fedha.

Mchana, elekeza darubini kwenye anga jeupe, mbali kabisa na jua. Rudisha kichwa nyuma, kama sentimita 30 kutoka kwenye lenzi ya kutazamia. Utaona kiduara cheupe kikielea karibu na uso wa lenzi. Mwanga wote uliokusanywa na darubini unatokea hapo. Upana wa duara hilo la mwanga ndio upana wa sehemu ya konea yako itakayotumika. Likiwa la milimita 1, unatazama kupitia eneo dogo mno la konea, na katika eneo dogo hivyo tofauti ya mipindo haina nafasi ya kuleta madhara. Likiwa la milimita 5 au 6, konea karibu yote iliyo mbele ya mboni inashiriki, pamoja na makosa yake yote.

Upana wake hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa lenzi ya kutazamia (zile milimita zilizoandikwa juu yake) kwa uwiano wa fokasi wa darubini (urefu wa fokasi wa darubini ukigawanywa kwa upana wa kioo au lenzi yake kuu, huandikwa kwa f/). Chukua darubini yenye kioo cha milimita 200 na uwiano wa f/6. Lenzi ya kutazamia ya milimita 30 inatoa duara la milimita 5, na ukuzaji wa mara 40. Ya milimita 12 inatoa milimita 2, mara 100. Ya milimita 6 inatoa milimita 1, mara 200. Kilimia unakitazama kwa ile ya kwanza kwa kuwa ni kipana. Mshtarii unaitazama kwa ile ya mwisho. Jicho ni lilelile, darubini ni ileile, ila umebadilisha kiasi cha konea unachotumia.

Kwa anayetaka hesabu: zidisha dayopta za astigmatizimu (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi, kile kinachotumika kwenye miwani) kwa upana wa duara la mwanga kwa milimita, kisha kwa 3.4. Unapata urefu wa ule mstari, kwa dakika za pembe, kama jicho linavyouona. Dakika 60 ni nyuzi 1. Dayopta 1 katika duara la milimita 5 inatoa dakika 17, yaani zaidi ya nusu ya upana wa mwezi mpevu utazamwapo kwa macho matupu. Ukifokasi mahali pazuri kuliko pote, pale katikati, kidoa kinabaki nusu ya hapo, dakika 8 na ushei. Jicho zima hutenganisha vitu vilivyoachana kwa dakika 1 hivi. Kwa hiyo uharibifu si mdogo.

Shusha duara hadi milimita 1, na kidoa kinakuwa chini kidogo ya dakika 2. Hapo Airy anarudi. Mwanga unaopita kwenye tundu jembamba hutanuka wenyewe, hata kupitia vioo visivyo na doa, na nyota huonekana kama kisahani kidogo. Airy ndiye aliyekipigia hesabu kisahani hicho mwaka 1835, na mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Kwenye duara la milimita 1, kisahani cha Airy kina upana wa dakika 4.6 hivi. Kinaifunika astigmatizimu ya dayopta 1 isionekane.

Kwa hiyo kanuni ni "ukuzaji mkubwa huondoa astigmatizimu"?

Karibu, lakini hapana. Kinachotawala ni upana wa duara la mwanga. Darubini ya milimita 80 ikikuza mara 40 inatoa duara la milimita 2. Ya milimita 200 ikikuza mara 40 hizohizo inatoa milimita 5. Mtu mwenye dayopta 1 ataiona ile ndogo kuwa safi kiasi, na ile kubwa kuwa na ukungu, kisha ataondoka akisema kubwa ni mbovu. Darubini nyingi nzuri zimesingiziwa hivyo.

Kipimo changu ni kidogo. Nina haja ya kujali?

Angalia karatasi ya vipimo vya macho. Kuna safu tatu: SPH, CYL na AXIS. SPH ni kuona mbali au karibu, iache, gurudumu litaishughulikia. AXIS ni mwelekeo. Inayokuhusu ni CYL, na alama yake ya kujumlisha au kutoa haibadilishi chochote katika mjadala huu, kwani ni namna mbili za kuandika kitu kimoja.

CYL ya 0.25 wengi hawataiona, labda kwenye duara la milimita 5 na zaidi, na kwa nyota angavu. Ya 0.50 huanza kusumbua duara likipita milimita 3 hivi. Ya 1.00 huanza kuonekana kwenye milimita 2. Ya 2.00 na zaidi itakufuata karibu kila mahali, isipokuwa kwenye ukuzaji wa juu kabisa. Hizi si sheria. Wako watu wanaoudhika na kasoro ambayo jirani yao haioni hata akionyeshwa, na hakuna sababu ya kubishana nao.

Angalia pia kila jicho peke yake. Ni kawaida jicho moja kuwa na 1.25 na jingine 0.25. Wengi hutumia jicho la kulia kwa mazoea tu. Kuhamia jicho lenye kipimo kidogo ni tiba isiyogharimu chochote, ingawa inataka usiku kadhaa wa kuzoea.

Nivae miwani ninapotazama, au niivue?

Kama tatizo lako ni kuona mbali au karibu tu, ivue. Kama una astigmatizimu na duara la mwanga ni kubwa, ivae. Kama duara ni dogo, ivue tena. Hilo la mwisho watu hawaliamini hadi walijaribu: watazame Zohali kwa duara la milimita 0.8 wakiwa na miwani, kisha bila miwani, wafokasi upya, na tofauti hawaioni.

Fokasi upya, nasisitiza. Mtu akivua miwani na asiguse gurudumu, ataona ukungu na kudhani ni astigmatizimu, kumbe ni SPH tu.

Nitajuaje kama lenzi fulani ya kutazamia inakubali miwani?

Tafuta kipimo cha nafasi ya jicho. Ni umbali, kwa milimita, kati ya kioo cha mwisho cha lenzi na mahali ambapo jicho huona uwanja wote. Mvaa miwani anahitaji milimita 15 kwa uchache, na 20 ndizo zinazostarehesha. Kumbuka tu kwamba mara nyingi kioo hicho cha mwisho kimezama ndani ya fremu, hivyo sehemu ya milimita zilizoandikwa hutazitumia. Nafasi ikiwa ndogo mno hutapata madhara makubwa, ila utaona katikati tu ya uwanja, kingo zikiwa zimekatwa. Ikiwa kubwa mno, picha hupotea na kurudi kila ukitikisa kichwa.

Hapa kuna bahati ambayo haisemwi vya kutosha. Lenzi za aina ya Plössl, zile za kawaida zinazouzwa pamoja na darubini nyingi, zina nafasi ya jicho inayokaribia asilimia 70 ya urefu wake wa fokasi. Ya milimita 25 ina nafasi ya milimita 17 au 18, ya milimita 10 ina 7 tu. Yaani ile ndefu, inayotoa duara kubwa la mwanga na kudai miwani, ndiyo yenye nafasi ya kuvalia miwani. Na ile fupi isiyo na nafasi ndiyo ambayo kwa kawaida haihitaji miwani. Kabla ya kukimbilia lenzi za bei kubwa zenye nafasi ndefu, jaribu ulizo nazo kwa utaratibu huo.

Mpango huo huvunjika kwenye darubini zenye uwiano wa f/4 au f/4.5. Huko lenzi ya milimita 10 bado inatoa duara la zaidi ya milimita 2, na mwenye CYL ya 1.50 anabanwa: anahitaji miwani mahali isipoingia. Huyo ndiye hasa mwenye sababu ya kununua lenzi za nafasi ndefu.

Na nikitumia lenzi ya Barlow?

Barlow ni lenzi inayowekwa kabla ya lenzi ya kutazamia ili kuongeza ukuzaji. Ni njia nzuri, na rahisi. Barlow ya mara 2 ikiwekwa na lenzi ya milimita 24 inaifanya itende kazi kama ya milimita 12, huku nafasi ya jicho ikibaki ileile ya lenzi ndefu, au ikiongezeka kidogo. Duara la mwanga linapungua nusu. Umepata vyote viwili, duara dogo na nafasi ya miwani. Unachopoteza ni upana wa anga unaouona.

Miwani yangu ni ya progresivu. Inafaa?

Inafaa kwa shida. Miwani ya progresivu ina nguvu tofauti juu, katikati na chini, na pembeni yake kuna maeneo yenye astigmatizimu yake yenyewe, isiyoepukika kwa jinsi inavyotengenezwa. Ukitazama kupitia sehemu ya juu, iliyokusudiwa kuona mbali, utapata picha nzuri. Kichwa kikiteleza kidogo, picha inaharibika na hujui kwa nini. Ya bifokali ina shida hiyohiyo lakini mpaka wake unaonekana wazi.

Atazamaye mara kwa mara atafanya vyema kuagiza miwani ya pili: lenzi za mbali tupu, zisizo na rangi, zilizopakwa dawa ya kupunguza mng'ao, kwenye fremu inayokaa karibu na jicho. Fremu hiyo inakupa milimita chache za thamani. Kuhusu malighafi, plastiki ya kawaida inayoitwa CR-39 ni bora kwa kazi hii kuliko polikaboneti. CR-39 ina namba ya Abbe ya 58, polikaboneti 30, na kadiri namba hiyo ilivyo ndogo ndivyo rangi zinavyotengana unapotazama nje ya kitovu cha lenzi. Ukiona nyota ina ukingo mwekundu upande mmoja na wa buluu upande wa pili, iangalie miwani kabla ya darubini.

Miwani haitachubuka kwenye lenzi?

Itachubuka ikigusana na chuma. Kunja chini ule mpira unaozunguka lenzi ya kutazamia, au uushushe kama ni wa kuzungusha, ili miwani iegemee mpira. Kama fremu ya lenzi ni chuma kitupu, vika juu yake pete nyembamba ya mpira.

Lenzi za kuvaa machoni je?

Zipo za astigmatizimu, zinazoitwa toriki, na kwa anayeziweza ni suluhisho safi: unapata nafasi yote ya jicho, na kingo za uwanja unaziona. Udhaifu wake ni mbili. Lazima zikae kwa mwelekeo wake, na ukilaza kichwa au kupepesa sana zinaweza kujizungusha kidogo, picha ikavurugika kwa sekunde chache. Pili, mtu anayekazia jicho kwenye darubini husahau kupepesa, lenzi inakauka, na nyota zinapata ukungu. Pepesa mara mbili tatu kabla hujaamua kwamba umande umeingia kwenye kioo.

Nimesikia kuna kifaa cha kufunga juu ya lenzi ya kutazamia. Ni kitu gani?

Ni Dioptrx, ya kampuni ya Marekani ya Tele Vue. Ni lenzi ndogo ya silinda ndani ya pete, inayofungwa juu ya baadhi ya lenzi za kutazamia za kampuni hiyo, na huuzwa kwa vipimo vya dayopta kama miwani. Unachagua kile kinacholingana na CYL yako, unakizungusha hadi nyota inakuwa kitone, basi. Kinafanya kazi vizuri sana. Kero yake ni kwamba kinafuata mwelekeo wa jicho lako, si wa darubini, kwa hiyo ukibadili namna ulivyoinamisha kichwa, hasa kwenye darubini ya Newton inayokulazimisha kujipinda, itabidi ukizungushe tena. Mwenzako akitaka kutazama, ukitoe. Kwangu mimi, miwani hushinda kwa mtu anayetazama pamoja na wenzake, na kifaa hiki kwa anayetazama peke yake kwa lenzi moja aipendayo.

Kuna mtu alinishauri nitoboe tundu kwenye karatasi nyeusi niweke mbele ya jicho. Kuna ukweli?

Tundu la milimita 1 hadi 1.5 kweli litasafisha nyota. Lakini limefanya nini? Limepunguza duara la mwanga, na kufanya hivyo ni sawa na kuziba sehemu kubwa ya kioo kikuu. Umenunua darubini ya milimita 200 na sasa unatumia 50. Wala halifai kama jaribio la kujua mkosaji, kwa sababu linapunguza makosa ya kioo kikuu na ya jicho kwa pamoja. Jaribio ni lile la kuzungusha kichwa.

Katikati nyota ni safi, pembeni zina mabawa. Hiyo ni astigmatizimu yangu?

Siyo. Ya jicho huonekana popote pale, katikati na pembeni. Inayojitokeza pembeni tu ni ya lenzi ya kutazamia, na hushamiri darubini ikiwa na uwiano wa f/5 au chini. Lenzi za bei nafuu zenye uwanja mpana ndizo zinazoongoza. Ukifokasi kwa ajili ya pembeni, mabawa hayo hubadilika kuwa mistari inayoelekea katikati au inayozunguka uwanja. Darubini za Newton zina kasoro yao nyingine ya pembeni, koma, ambapo nyota hupata mkia mmoja kama wa kimondo, unaoelekea nje. Koma hurekebishwa kwa kifaa chake. Astigmatizimu ya lenzi hairekebishwi, unabadilisha lenzi.

Na kama ni kioo kikuu?

Mara nyingi kimebanwa. Vishikizo vilivyokazwa kupita kiasi hukipinda, na nyota huwa na pembe tatu au mstari kwa ukuzaji wa juu. Legeza kidogo, mpaka kioo kiweze kutikisika kwa chembe tu. Pia ipe darubini muda wa kupoa nje kabla ya kuihukumu, na hakikisha vioo vimelinganishwa. Hapa mambo ni kinyume na ya jicho: kasoro ya kioo kikuu huonekana zaidi ukuzaji ukipanda, ya jicho huonekana zaidi ukishuka. Hata bila kuzungusha kichwa, tofauti hiyo peke yake inakaribia kutosha.

Darubini ya macho mawili inaathirika pia?

Sana, maana duara lake la mwanga ni kubwa siku zote. Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza: 10x50 inatoa milimita 5, 8x42 milimita 5.25, 7x50 zaidi kidogo ya 7. Mchana hutaona tatizo, mboni ikiwa imejifinya kwa mwanga. Usiku inafunguka, na nyota zinatawanyika. Vaa miwani. Kama unanunua, chagua yenye nafasi ya jicho ya kutosha, na 10x42 itakusamehe zaidi kuliko 7x50.

Umri unabadilisha nini?

Mawili, moja jema. Mboni ya kijana gizani hufikia milimita 7 hivi. Kwa mtu mzima aliyesonga umri mara nyingi haizidi 5. Duara la mwanga likiwa kubwa kuliko mboni, mboni ndiyo inayoamua, kwa hiyo mzee anatumia eneo dogo zaidi la konea. La pili ni kwamba mwelekeo wa astigmatizimu nao hubadilika. Ujanani konea huwa imepinda zaidi kwa wima, na uzeeni huelekea kuwa kinyume chake. Miwani ya miaka kumi iliyopita huenda inakuongezea kasoro badala ya kuiondoa.

Nimevaa miwani sahihi, bado Sirius ina miali. Kwa nini?

Konea na lenzi ya jicho zina makosa mengine madogo, yasiyo ya silinda, ambayo miwani haiyagusi. Mboni ikifunguka sana, karibu kila mtu anayaona kwenye nyota angavu mno. Jipime kwa nyota za wastani. Zikiwa vitone, acha Sirius na miali yake.

Je, picha zitaharibika?

Hapana. Kamera ikichukua nafasi ya lenzi ya kutazamia, jicho lako halimo tena njiani. Na hilo ni jaribio jingine: nyota zikiwa nzuri kwenye picha na mbaya kwa jicho, kioo kikuu hakina hatia.

Nimwambie nini mtaalamu wa macho?

Mwambie unatazama nyota usiku, mboni ikiwa wazi, na kwamba unachojali ni usahihi wa CYL na AXIS. Vipimo vya kawaida hupanda kwa hatua za dayopta 0.25, na wengine huiacha 0.25 ya mwisho wakiona haina maana kwa matumizi ya kila siku. Kwako ina maana. Usihangaike na ukweli kwamba ubao wa herufi uko mita 6 tu ilhali nyota ziko mbali sana, gurudumu litaifidia tofauti hiyo. Lakini kama CYL yako inapanda haraka kila ukipimwa, au jicho moja linaona vivuli viwili vitatu vya nyota ambavyo miwani haiviondoi, mwambie hilo waziwazi, bila kusubiri aulize. Kuna hali iitwayo keratokonasi, ambapo konea hukonda na kuchomoza, na astigmatizimu yake haifuati silinda. Miwani haiitoshi, ila lenzi ngumu za kuvaa machoni husaidia, na ikigunduliwa mapema inaweza kuzuiwa isiendelee.